Kiti cha Baiskeli ya Mama Mkwe

Nyinyi vijana mnaopita hapa Muthetheni Jumapili asubuhi na kaptula za kubana, mkitoka Machakos ati mnafanya mazoezi, nawasalimu. Nawaona. Mkifika sokoni mnashuka, mnajifanya mnanyoosha miguu. Mimi nimetengeneza baiskeli maisha yangu yote, namjua mtu anayenyoosha miguu na mtu anayepumzisha makalio. Hamwezi kunidanganya.

Juzi mmoja wenu alinifuata mpaka nyumbani. Kijana mzuri, ana adabu, baiskeli yenyewe nyepesi unaiinua kwa mkono mmoja. Akaniambia, "Mzee, nasikia wewe ndiye ulikuwa fundi hapa. Hii kiti imenimaliza." Nikabonyeza kile kiti. Kilikuwa laini, ndani kimejazwa kitu kinachotikisika, ameagiza kwa simu kutoka ng'ambo. "Na hii ni ya tatu," akasema. "Kila nikibadilisha nachukua yenye iko laini zaidi." Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia aketi tuongee, akasema afadhali asimame.

Basi kwa ajili yake, na kwa ajili ya nyinyi wengine mnaoona haya kuuliza, nimeamua kuandika. Mimi ni Mbithi. Kibanda changu kilikuwa kando ya barabara, ukitoka sokoni kidogo, na sasa kina mtu anayeuza vocha na maandazi. Mikono ilianza kutetemeka nikaona niache spana kabla sijamvunja mtu shingo. Lakini kichwa bado kiko.

Nianze na kosa langu, msije mkadhani nilizaliwa nikijua.

Wakati huo nilikuwa bado chini ya Mzee Nzioka, fundi aliyenifundisha kazi. Alikuja katekista wetu, mtu mzito wa mwili na mpole wa maneno, analalamika kwamba kiti kinamuua. Alikuwa na vigango vitatu vya kuzungukia kila Jumapili, kimoja huku, kingine huko karibu na Mwala. Mimi nikaona hapa ndipo nitakapoonyesha ujuzi. Nikakata sponji ya godoro kuukuu, nikapanga tabaka tatu, nikafunika na ngozi ya bandia nyekundu, nikashona kwa mkono. Katekista alipoketi pale kibandani alifumba macho. Akasema, "Mbithi, Mungu akubariki, ni kama kiti cha askofu." Mzee Nzioka alikuwa pembeni anaziba pancha. Alitutupia jicho, akarudi kwenye pancha yake.

Jumapili hiyo waumini wa kigango cha tatu walishangaa. Ibada yote walisimama. Injili walisimama, mahubiri walisimama, hata matangazo, kwa sababu katekista mwenyewe hakuweza kukaa na hakuona ni vizuri wenzake wakae. Jumatatu alikuja akitembea kwa miguu iliyoachana, amebeba kile kiti chekundu mkononi. Baraka zake hazikuwa na haraka ya kurudi.

Nikamwuliza Mzee Nzioka kwa nini hakunizuia. Akasema, "Ningekuzuia, ungedhani nakuonea wivu." Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake. Anakuacha uanguke, halafu anakuuliza kama imeuma.

Halafu akanieleza, na hili mlishike. Unaketi juu ya mifupa miwili. Iko hapo chini, jikalie mikono yako utaisikia. Mifupa hiyo ndiyo iliyoumbwa kubeba uzito. Ukiweka sponji nene, mifupa inazama, inapita sponji inafika kwenye chuma, na ile sponji iliyobaki inapanda katikati na kubonyeza nyama laini ambazo hazikuumbwa kubeba kitu. Kwa dakika kumi utasikia raha. Kwa saa nzima utamkumbuka mama yako. Kwa safari ndefu unataka kiti kigumu kiasi, chenye upana wa mifupa yako wewe, si ya jirani. Ngozi halisi ya ng'ombe, ikiloweshwa, ikavutwa, ikapakwa mafuta, mwezi wa kwanza itakutesa kidogo na baada ya hapo inakujua.

Sasa upana utaujuaje? Huko kwenu nasikia kuna mashine. Sisi tulikuwa na mchanga.

Mto wetu mnaujua, juu ni mchanga mtupu na maji yako chini. Mzee Nzioka alikuwa na karai kubwa la mchanga wa mto, umechekechwa, umeloweshwa kiasi cha kushikana. Anauweka chini, anausawazisha kwa ubao. Mteja anaketi juu yake, miguu juu ya matofali ili magoti yapande, anatulia kidogo, halafu anainuka wima bila kujisukuma na mikono. Ukiangalia pale utaona mashimo mawili. Unapima kwa kijiti kutoka katikati ya shimo hili mpaka katikati ya lile, unaongeza vidole viwili, huo ndio upana wa kiti. Nimeona watu wanene wenye mifupa iliyokaribiana na watu wembamba kama ufito wenye mifupa iliyotengana. Macho hayakusaidii hapo kabisa.

Wateja walikuwa wanacheka, wengine wanakasirika. Mwalimu mkuu mmoja alikataa katakata kuketi kwenye karai barabarani, wanafunzi wakipita. Akasema yeye anataka kiti tu, si ubatizo. Kumbe hata shida yake haikuwa kiti. Alikuwa ameinua pua ya kiti ikaangalia mbinguni, kwa hiyo kila akikanyaga pedali anateleza nyuma na pua inamchoma pale pabaya. Nililaza chupa ya soda yenye maji nusu juu ya kiti, nikalegeza nati, nikashusha pua mpaka maji yakalala sawa, nikakaza. Kazi ya dakika moja. Alinitazama kana kwamba nimemwibia kitu. Na nyinyi, kabla hamjaagiza kiti cha nne kutoka ng'ambo, lazeni chupa kwanza. Halafu wekeni kisigino kwenye pedali ikiwa chini: mguu unyooke bila kiuno kuyumba. Nusu ya malalamiko yenu yatakwisha hapo.

Basi pikipiki zikaja. Mwanzoni nilisema ni mchezo, zitapita. Zilipita kweli, zikanipita mimi. Waliobaki na baiskeli walikuwa wanaobeba maji, wazee wenye vichwa vigumu, na mama mkwe wangu.

Hapa sasa tulieni, kwa sababu hapa ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili sicheki nikilisema.

Mama yake mke wangu Ndunge alikuwa anaendesha baiskeli tangu ujana wake, wakati mwanamke juu ya baiskeli aliwafanya watu watoke nje kuangalia. Blakmamba, ile nzito nyeusi, keria nyuma, kikapu mbele. Utauliza kwa nini hakupanda boda. Alipanda mara moja, ikamwangusha karibu na shule, akalala wiki mbili kitandani, na tangu siku hiyo akisikia pikipiki anaingia kando ya njia na kuikemea. Matatu nazo humtapisha. Basi alibaki na blakmamba yake.

Na alikuwa na mahali pa kwenda. Dada yake mkubwa, Kalunde, aliishi peke yake upande wa Mwala, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli. Kalunde alikuwa amepofuka. Boma lake alilijua kwa nyayo, kila jiwe, kila pembe ya zizi, alikuwa anatembea humo ndani bila fimbo. Lakini moto wa jikoni ulikuwa hatari kwake. Kwa hiyo kila Jumatano na Jumamosi mama mkwe alienda asubuhi mapema, akampikia chakula cha siku kadhaa, akamwekea uji kwenye thamosi. Mtoto wa Kalunde, anayefanya kazi Machakos mjini, alikuwa ameshasema wazi: siku mama yake atakapoguswa na moto, atamchukua akae naye mjini kwenye chumba cha kupanga, mambo yaishe. Kalunde naye alikuwa amesema akitolewa pale atakuwa kipofu mara ya pili. Kilichombakiza nyumbani kwake ni ile baiskeli ya mdogo wake kufika mapema.

Kiti cha ile baiskeli kikavunjika springi. Ndunge akaniambia, "Mama anataka kiti. Tengeneza kizuri."

Sasa nyinyi wa siku hizi hamjui nthoni, au mnaijua kwa kusikia. Ni ile heshima ya wakwe yenye aibu ndani yake. Mama mkwe wangu nikikutana naye njiani mimi nakaa kando, naangalia chini, tunasalimiana kwa mbali. Hatupeani mkono ovyo, hatuketi benchi moja, sitaji jina lake, hata hapa silitaji, namwita mwaitu, yaani mama, basi. Na wewe unaniambia nimwite kibandani, kando ya barabara, nimwambie, "Mwaitu, karibu uketi kwenye karai nipime makalio"? Woi! Afadhali nifunge kazi nihamie Mombasa.

Nikajiona nina akili. Nikasema, mama na binti, si mwili ni ule ule? Nikampima Ndunge. Aliketi kwenye mchanga huku akinicheka, nikachukua kipimo chake, nikatengeneza kiti cha ngozi halisi, riveti za shaba, mshono uliolala sawa. Kwa macho kilikuwa kiti kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Ndunge akakipeleka.

Baada ya wiki nikamwuliza, "Mama amesema nini kuhusu kiti?"

"Amesema kiko sawa."

"Kiko sawa tu, ama ni kizuri?"

"Amesema mwambie mume wako asante, kiko sawa."

Nikaridhika. Na kwa kweli, kila Jumatano na Jumamosi asubuhi nilimwona akipita mbele ya kibanda, mgongo umenyooka, leso imefungwa vizuri, anaendesha. Mimi nainamisha uso kwa heshima, lakini kwa pembe ya jicho naona kiti changu kikipita. Akishapita nawaambia wateja, "Mmeona? Huyo anaenda saa mbili na kurudi saa mbili. Hiyo ni kazi ya mkono huu." Miezi ikapita nikijisifu hivyo. Mara mbili kwa wiki.

Siku moja Kyalo, kijana wa boda anayebeba watu wa kwenda Mwala, alisimama kunywa maji. Akaniambia, "Fundi, niaje. Ebu niulize. Mamako mkwe, daktari amemwambia atembee?"

"Kwa nini?"

"Mimi humpata huko mbele kila saa anasukuma. Anasukuma tu hiyo baiskeli mpaka Mwala, na kurudi anasukuma. Akikaribia hapa, hapo kwa kona ya kinu cha unga, anapanda. Anakupita, akifika kule kwa daraja anashuka tena. Si nimemwona mara mingi."

Nikamwambia anakosea, ni mwanamke mwingine. Akasema, "Sawa fundi," na akaondoka. Kyalo si mtu wa kubishana.

Jumatano iliyofuata sikufungua kibanda. Nilikaa ndani ya kinu cha unga, kati ya magunia, nikachungulia dirishani. Nikamwona akija kwa mguu, anasukuma, anachechemea kidogo. Akafika kwenye kona. Akasimama, akafuta uso na leso, akapanda. Nilimwona akiuma meno alipoketi. Halafu akanyoosha mgongo, akaendesha mbele ya kibanda changu kilichofungwa, akainamisha kichwa kidogo, kama kawaida, kunisalimu. Alipopita daraja alishuka.

Sijui niwaambie vipi nilivyojisikia. Niliona aibu, nikabaki pale kati ya magunia. Mwenye kinu akaniuliza kama ni vumbi la unga limeniingia machoni, nikamwambia ndiyo.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Ndunge kila kitu.

"Kwa nini hakusema?" nikauliza.

"Akuambie wewe? Aanzie wapi? 'Mkwe wangu, naumia hapa'?"

"Angekuambia wewe."

"Mimi ningekuambia wewe, na wewe ungejua mama anaumia wapi. Ni kitu kimoja." Halafu akaongeza, na hapo akanichoma, "Na wewe ulipima makalio yangu ukasema ni ya mama. Ulifikiri nini, Mbithi? Mimi sijaanguka na pikipiki."

Ile pikipiki. Nilikuwa nimeisahau kabisa, mimi fundi.

Nikaloweka mchanga, nikausawazisha vizuri, nikamwambia Ndunge alichukue lile karai mpaka kwa mama yake, afunge mlango, amketishe. Mara ya kwanza karai lilirudi na jibu: mkwe wake akapime mbuzi. Mara ya pili Ndunge alikaa huko mpaka jioni, wakagombana, wakapika, wakagombana tena, na mwisho akarudi amelibeba kichwani, limefunikwa leso, anatembea polepole asije akautikisa mchanga.

Nililiweka chini ya dirisha. Nikafunua leso nusu, nikageuza uso. Nikafunua tena. Jamani, mimi mtu mzima, nimepima nusu ya watu wa lokesheni hii, na moyo unanidunda kwa sababu ya mashimo mawili kwenye mchanga. Mwishowe nikajikaza nikaangalia. Upana ulizidi wa Ndunge kwa vidole viwili vizima. Kile kiti changu kizuri kilikuwa kinaingia kati ya mifupa badala ya kuibeba. Na shimo la kushoto lilikuwa na kina mara mbili ya lile la kulia. Nyonga aliyoiangukia ilikuwa imepona ikiwa imeinama, uzito wote ukaenda upande mmoja. Amekuwa akikalia mfupa mmoja, kwenye kiti chembamba, halafu ananisalimu.

Nikafanya kazi bila kuongea na mtu. Nikakata ngozi pana, nikailowesha, nikaivuta juu ya fremu mpya, na upande wa kulia nikaweka ngozi moja zaidi chini ili nao uinuke ushike mzigo. Ngozi haikimbizwi. Ukiikausha kwa moto inapasuka, ukiifunga ikiwa mbichi inalegea. Ilihitaji siku zake kivulini, na kila asubuhi niliigusa nikaiambia ifanye haraka. Jumamosi ikapita haijakauka, mama mkwe akaenda akisukuma. Jumanne kiti kilikuwa tayari. Ndunge akakipeleka, nami nikampa maneno ya kusema: kikiuma hata kidogo, aseme. Nikayarudia maneno hayo mara tatu.

Jumatano alipita asubuhi. Sikuinamisha uso. Nilitoka mpaka barabarani nikamwangalia mpaka akavuka daraja, na hakushuka. Nikarudi kibandani nikacheka peke yangu, nikamnunulia mwenye kinu chai bila kumwambia sababu.

Mchana nilikuwa nakaza rimu nikasikia baiskeli inasimama. Nikaona leso. Nikageuka haraka nikaangalia ukuta, kama inavyotakiwa.

"Geuka," mama mkwe akasema.

Sikujua kama nimesikia vizuri. Katika miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi kusimama hapo.

"Geuka, Mbithi. Nimechoka kuongea na Ndunge."

Nikageuka. Alikuwa ameshika baiskeli, uso mkavu kabisa.

"Hii kiti ni nzuri," akasema. "Nimeenda nimerudi, sijasikia kitu. Nimefika mapema kabla ya chai. Nimekuta kufuli."

Jirani wa Kalunde ndiye aliyemweleza. Jumamosi ile aliyoenda akisukuma, jua lilikuwa limepanda sana, Kalunde akachoka kungoja, akasema awashe moto mwenyewe achemshe uji wake. Akaunguza mkono. Mama mkwe alipofika mchana aliufunga kwa kitambaa, wakakubaliana wasimwambie mtu. Lakini mtoto alipiga simu Jumapili, sijui nani alimdokezea, na Jumatatu alikuja na gari akamchukua mama yake, akafunga nyumba. Mama mkwe alipigiwa, simu yake haikuwa na chaji.

Nikasema, "Mwaitu, nisamehe. Ni mimi."

Alikibonyeza kile kiti kwa kidole gumba, upande wa kulia, pale nilipoinua, nikajua ameona nilichofanya.

"Hii kiti inaweza kufika Machakos?"

"Kiti kinafika, mwaitu. Lakini hiyo barabara, malori, na ile milima ya mwisho..."

"Sijakuuliza barabara."

Niwaambie mapema ili msingoje: Kalunde hakurudi nyumbani kwake. Lile boma lilikodishwa mtu wa mbuzi. Nilijaribu kuongea na yule mtoto wake, aliniambia kwa heshima kwamba anashukuru lakini ameamua. Na sikuwa na hoja, kwa sababu mkono uliungua kweli. Kiti nilichotengeneza kwa kipimo cha mtu mwingine kilimtoa mwanamke kipofu kwenye mahali pekee alipokuwa anaona. Nimelisema mara moja, sitalirudia.

Lakini Jumamosi tulienda Machakos, mimi na mama mkwe, kabla jua halijawa kali. Nilitaka kukaa nyuma yake nimkinge na magari, halafu nikakumbuka nikiwa nyuma nitakuwa naangalia nini. Kwa hiyo nilitangulia. Kutwa nzima nilimsikiliza kwa masikio, cheni yake ilikuwa na mlio mmoja mdogo, nikiukosa nageuza kichwa nusu, nikiusikia naendelea. Milimani tulishuka sote tukasukuma, hapo hakuna aibu. Sehemu moja tulipumzika, yeye upande huu wa barabara, mimi ule, tukala viazi vitamu tukitazamana kwa mbali kama watu wanaongoja magari ya kwenda pande tofauti. Nilimwuliza kwa sauti, "Inauma?" Akajibu kwa sauti, "Bado." Lori likapita katikati yetu, dereva akatushangaa.

Tulifika jua likiwa limeanza kushuka. Nyumba ni ya ghorofa, chumba cha chini mwishoni, mlango uko wazi na pazia limetundikwa. Mimi nilibaki mlangoni. Kalunde alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya chumba, mkono umefungwa bendeji, miguu imebanwa pamoja, ile miguu iliyokuwa inazunguka boma zima. Akainua uso.

"Umechelewa," akasema.

Mama mkwe akapiga magoti mbele yake, akamshika ule mkono mzima. Mimi nilijua atasema nini. Atasema pancha, atasema cheni, atanifunika kama alivyonifunika miezi yote ile.

"Baiskeli ilikuwa inaniumiza," akasema. "Nilikuwa nasukuma. Huyu mkwe wangu alinitengenezea kiti kwa kipimo cha Ndunge."

Kalunde akageuzia uso mlangoni.

"Kwa nini? Kwani na yeye haoni?"

"Anaona," mama mkwe akasema. "Ana heshima."